Pampu ndogo ya kuongeza presha ya maji: miezi minne nikiitumia

Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, nyumba ya chini isiyo na ghorofa. Maji ya bomba yakija tunajaza simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa tofali nyuma ya jiko, halafu yanashuka yenyewe hadi ndani. Bafuni yalikuwa yanachuruzika tu. Mama yangu magoti yanamsumbua, hawezi kuinamia ndoo, na nilichoka kumwona anasimama na povu kichwani akingoja maji. Hapo ndipo nikaenda kununua pampu.

Ni ya wati 120, ina swichi ya hatua tatu: kuzima, kuwaka muda wote, na kujiwasha maji yanapopita. Fundi bomba akaifunga kwenye bomba linalotoka tangini. Nikafungua koki ya uani, ikaunguruma vizuri. Nikafungua bafuni: kimya. Nilikasirika kweli, nikaanza kutafuta risiti niirudishe dukani.

Fundi akasema, "Bosi, usiirudishe kwanza. Lete ndoo na simu yenye saa."

Uani, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 70. Bafuni, nusu ya ndoo hiyo hiyo ilichukua dakika tano. Tangi moja, bomba moja! Kumbe maji ya bafuni yalikuwa machache kiasi kwamba swichi ya pampu haikuyahisi.

Akafungua geti valvu ya bafuni, ile koki ya kufungia maji yanayoingia humo. Kile kibao cha ndani kilikuwa kimekatika kwenye mti wake, yaani kile chuma kinachokishusha na kukipandisha, kimeketi katikati ya njia, na nyuma yake kumejaa kutu na tope jeusi. Mkono wa juu ulikuwa unazunguka bure miaka yote hiyo. Tukaweka valvu mpya, na kichwa cha bomba la mvua nikakilaza kwenye siki usiku kucha, maana matundu yalizibwa na chokaa. Kabla ya kuwasha pampu tukapima tena: lita 10 kwa dakika moja na sekunde 50.

Hata hivyo pampu ilihitajika. Kila mita moja ya kimo hukupa presha ya takriban bar 0.1, na tangi letu liko mita moja tu juu ya bomba la mvua, kwa hiyo shawa ya umeme ilikuwa inakataa kupasha. Sasa pampu ikiwaka, lita 10 zinajaa kwa sekunde 55, na mama anaoga maji ya moto amesimama wima. Umeme ni mdogo: kwa saa moja kwa siku, haifiki uniti nne kwa mwezi.

Ina kelele, usiku inasikika hadi chumbani. Chujio lake la kuingizia maji nalisafisha kila mwezi, na kila mara natoa mchanga. Tangi likikauka izime kabisa, isije ikazunguka bila maji na kuungua. Na tafadhali, usiifunge kwenye bomba la mtaani: itavuta hewa na uchafu wa kila palipopasuka, na kuwanyima majirani maji.

Naipa nyota nne. Ya tano ningempa yule fundi na ndoo yake.