"Mvua ya mlimani haijui koti": uzoefu wangu wa kukodi nguo za kupandia mlima

Nianze na sentensi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike. "Dada, mvua ya mlimani haijui koti." Mwenye duka aliniambia hivyo bila kuinua macho kwenye simu, mimi nimesimama mbele yake na koti lake mkononi, buti zina tope la Mweka, njia ya kushukia Kilimanjaro, midomo imepasuka, siku nane sijaoga. Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Duka liko Moshi mjini, jina nalihifadhi. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, Januari imeisha au inaelekea kuisha, kile kiangazi ambacho mchana Moshi unatembea upande wenye kivuli tu. Tulikuwa watu sita kutoka Dar, tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, kilomita 70 hivi za miguu. Mimi ni mtoto wa Tandika. Nguo zangu za baridi zilikuwa sweta moja na shali ya mama. Kwa hiyo nikakodi: jaketi nene la manyoya ya ndege, koti la mvua na suruali yake, glovu, mzula.

Sasa jaribu kuvaa vitu hivyo saa saba mchana kwenye duka la bati. Jasho lilinitiririka hadi kwenye kope. Nikasema "linafaa, linafaa," nikalivua haraka. Sikuligeuza ndani nikaangalia mishono. Hilo kosa ni langu nalikubali, na ndilo pekee nitakalolikubali. Lakini nilimuuliza, tena mara mbili: kaka, hili linazuia maji kweli? Akajigonga kifua: "Wazungu wanavaa hilo hilo."

Siku ya kwanza msituni hakuna cha kusimulia, mbega juu ya miti na joto, nilitembea na fulana. Uwanda wa Shira, juu ya msitu, ndiko nilikoanza kuelewa. Mchana jua linachoma shingo, unatamani bukta. Jua likizama tu unavaa kila ulichonacho, na asubuhi nyasi ni nyeupe kwa barafu. Watu wanadhani kiangazi ni kiangazi hadi juu. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi sita hivi, na mvua ya huko haisomi kalenda ya masika wala vuli.

Ikatukuta siku ya nne, tukielekea Lava Tower, ule mwamba mrefu kama mnara, mita 4,600 hivi. Kwanza ukungu, kisha mvua, kisha mvua ya mawe ya kukupiga vidole. Nikavaa koti langu la "wazungu", nikafunga zipu hadi kidevuni, nikajisifu moyoni kwamba nimejipanga. Haikupita robo saa nikasikia kitu cha baridi kinatambaa begani. Kikashuka kiwikoni. Kikafika mgongoni, kikaingia kwenye suruali. Kule ndani ule utepe unaofunika mishono ulikuwa umebanduka wote, unaning'inia kama ganda la nyoka.

Haya, na hapa nikubali kosa la pili, ingawa nilisema lilikuwa moja. Chini ya koti nilikuwa na fulana ya pamba. Kiongozi wetu alishatuambia Moshi: pamba acheni hotelini, vaeni ya nailoni au sufu ikae karibu na mwili, juu yake sweta la flisi, kile kitambaa laini chenye vinyweleo, juu kabisa cha kuzuia mvua. Nilimwona anajishaua. Ndugu zangu, fulana ya pamba ikilowa inageuka tambara la deki, na mlimani huwezi kuwasha moto ukaianika, moto umekatazwa. Tulishuka kambi ya Barranco kulala nikitetemeka hadi meno yanagongana. Soksi nilizikausha kwa kulala nazo tumboni.

Asubuhi kiongozi akachukua chupa, akamwagia maji mkono wa koti lake. Yakajiviringa yakadondoka kama kwenye jani la mgimbi. Akamwagia langu. Likanywa. Akacheka kwa huruma, akasema, "Dada, haya makoti kila msafiri akirudi yanafuliwa kwa sabuni ya unga, yanasuguliwa na brashi, yanaanikwa juani. Ile dawa ya juu ya kuzuia maji inaisha, hata liwe la bei gani." Mpagazi mmoja, kijana mpole sana, akanipa mfuko mweusi wa taka, akatoboa tundu la kichwa na mikono, nikauvaa chini ya koti. Ukuta wa Barranco, ambao wenzangu wana picha zake nzuri, mimi niliupanda nimevaa mfuko wa taka. Na yule kijana? Mkavu. Koti lake alilinunua pale Memorial, soko la mitumba la Moshi.

Lakini lazima niseme na hili, la sivyo nitakuwa mwongo. Lile jaketi la manyoya lilitoka duka hilo hilo, na liliniokoa. Tulitoka kambi ya Barafu kwenda kileleni usiku wa manane, upepo ule hauelezeki, maji ya kwenye mrija wa kunywea yaliganda, mwenzangu mmoja alikuwa analia waziwazi. Mimi mikono tu ndiyo iliyouma. Kifua kilikuwa na joto kama nimekumbatia jiko. Kufika Stella Point, ukingoni mwa kreta, nilikuwa nimeshamsamehe mwenye duka. Pale kileleni Uhuru, mita 5,895, nilikuwa na huruma kwa viumbe wote. Nilipanga nikirudi nimweleze kwa upole tu kuhusu mishono, hata ile pesa ya dhamana niliyomwachia wakati wa kukodi asiponirudishia yote basi.

Ndipo nikarudi, nikamsalimia vizuri, nikamwonyesha utepe uliobanduka, naye akanijibu ile sentensi. Kisha akakata elfu kumi na tano kwenye dhamana yangu. Ya nini? Ya kufulia koti. Kufulia! Yaani nimlipe aliue tena kwa sabuni ya unga, ampe mwingine.

Mwanzo nilitaka kulipatia duka hili nyota moja. Kwa jaketi lile zinastahili nne. Sasa nikikumbuka macho yake kwenye simu, narudi kwenye moja, na hiyo moja ni ya jaketi, yeye hana yake. Jaketi nene kodisheni tu, hata kwake. Koti la mvua nendeni Memorial na chupa ya maji, geuzeni ndani, mwagieni mkono hapo hapo, muuzaji akikasirika ondokeni.

Juzi nimepangua begi nikaukuta mzula wake chini kabisa. Hakuuhesabu, alikuwa anachezea simu. Ni mzula mzuri, wa sufu, unafunika hadi masikioni. Akiutaka, elfu kumi na tano yangu kwanza.