Upasuaji wa fizi Kinondoni: dokta yuko vizuri, shida ni ukisharudi nyumbani

Nimesubiri miezi 6 ndo naandika, nilitaka kwanza nione majibu. Ni kliniki ya meno maeneo ya Kinondoni, jina naliacha.

Jino langu la chini nyuma lilikua linacheza, dokta akapima mfuko wa fizi (ule mwanya kati ya fizi na jino) milimita 8, akasema mfupa umeliwa ila tunaweza kujaribu kuuotesha. Wanafungua fizi, wanakwangua ugaga kwenye mzizi, wanajaza unga wa mfupa afu wanafunika na kiutando cha kolajeni (aina ya protini, baadaye kinayeyuka chenyewe). Kile kiutando ni kama ukuta, kinaizuia nyama ya fizi isiwahi kujaza shimo maana yenyewe inakua haraka kuliko mfupa. Ganzi ilikamata vizuri, mkono wa dokta mwepesi sana, hapo namsifia kabisa.

Sasa baada ya hapo. Mapokezi wakanipa karatasi ya Kiingereza, dawa ya kusukutua ya klorheksidini na neno moja tu, usipige mswaki hapo. Kwa nini, hakuna aliyesema. Mi nikauacha upande mzima bila mswaki na dawa nasukutua nikikumbuka. Siku ya 9 naangalia kwenye kioo kuna kitu cheupe kinachungulia kwenye fizi na mdomo unanuka, napiga simu toka asubuhi haipokelewi, nikapanda daladala nikaenda hivyo hivyo bila miadi nikakaa foleni mpaka saa 8 mchana, roho juu.

Dokta alivyoona ndo akanikalisha akanielewesha, kwa Kiswahili safi. Kiutando kikitokeza nje mate yanakifikia, bakteria wanaanza kukikalia ndani ya masaa tu, na wale wabaya wa fizi kama Porphyromonas gingivalis wanahamia kutoka kwenye mifuko ya meno mengine yenye uchafu, yaani ule upande niliouacha bila mswaki ndo ulikua unawalea. Wakishajazana kolajeni inayeyuka kabla ya muda wake na mfupa unaoota unakua kidogo. Jamani, maelezo ya dakika 5 hayo, kwa nini mgonjwa asipewe siku ya kwanza!

Akanisafisha, akanipangia kurudi kila wiki, dawa asubuhi na usiku, nusu saa mbali na dawa ya meno, mswaki laini kwenye meno mengine yote. Meno yakaingia rangi ya kahawia kwa ile dawa lakini wakikusafisha inatoka. Miezi 6 yote hapo hapachokonolewi. Juzi kapima, milimita 5. Tulitegemea pungufu ya hapo, ila jino halichezi tena na mahindi ya kuchoma natafuna.

Dokta nyota 5, huduma ya baada ya upasuaji nyota 2. Ukienda, kabla hujapigwa ganzi mwambie dokta mwenyewe akuelezee wiki 2 za mwanzo unafanya nini kila siku, na usiondoke bila namba ya simu inayopokelewa.