Tulikodi mashua ya matanga Nungwi hadi Pemba: uzoefu wangu na vifaa vya usalama

Mwezi wa pili tulikodi mashua ya matanga ya mita 12 kwa siku nne, kutoka Nungwi hadi Mkoani, bandari ya Pemba, kisha kisiwa cha Misali, halafu kurudi. Abiria tulikuwa saba: mimi na mume wangu, shemeji zangu wawili, dada yangu na wanawe, mmoja wa miaka 15 na mwengine wa miaka 6. Nahodha na baharia wake walikuja na chombo. Kampuni siitaji jina, ila nitaeleza yote niliyoyaona.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Septemba 2011, meli ya abiria MV Spice Islander ilipozama usiku baina ya Nungwi na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na msiba au jirani yake ana msiba. Tangu hapo sipandi chombo chochote bila ya kuuliza jaketi za kujiokolea ziko wapi.

Asubuhi ya kuondoka nahodha hakutaka hata tupakie mizigo. Alitukalisha kwenye sitaha akampa kila mtu jaketi lake, akatwambia tulifungue. Ni zile nyembamba zinazojaa hewa zenyewe zikiingia majini, zina kichupa cha gesi ndani. Akatuonesha jinsi ya kukifungua kile kichupa: kizima kina mdomo uliozibwa vizuri, kilichokwishatumika kina tundu. Dada yangu akafungua chake, kina tundu. Jaketi lilikuwa limetumika, likakunjwa vizuri na kurudishwa kabatini. Kama angetumbukia nalo, lingebaki kitambaa tu shingoni. Nahodha alibadilisha kichupa palepale, na uso ulimbadilika, maana vifaa hivyo hukaguliwa na watu wa ofisini kabla ya yeye kukabidhiwa chombo.

Mtoto wa miaka 6 naye alipewa jaketi la mtu mzima, halina mkanda wa kupita baina ya miguu. Nilimnyanyua kwa mabega ya jaketi, likapanda hadi masikioni na yeye akateleza chini. Nikasema hatuondoki. Ilichukua saa mbili mpaka kampuni ikaleta la watoto kutoka chombo chengine. Watu wangu walichoka kusubiri na jua likawa kali, lakini nahodha alikuwa upande wangu.

Zile saa mbili hakuziacha zipotee. Alitufundisha redio: chaneli ya 16, bonyeza kitufe cha kipaza sauti, sema Mayday, yaani wito wa kuomba msaada, mara tatu, jina la chombo mara tatu, mpo wapi, mmepatwa na nini, mko watu wangapi, kisha achia kitufe usikilize. Pia kuna kitufe chekundu chenye kifuniko, ukikishikilia kwa sekunde chache redio inatuma yenyewe ishara ya hatari. Akampa kila mtu kazi yake iwapo mtu ataanguka majini. Mume wangu redio. Mpwa wangu mkubwa akaambiwa, "Wewe mwanangu kazi yako moja tu, kunyoosha kidole. Usimwachie macho, hata nikikuita usigeuke." Mimi boya la kurusha.

Jikoni nilikuta blanketi la kuzimia moto limetundikwa nyuma ya jiko. Yaani mafuta yakiwaka unatakiwa upitishe mkono juu ya moto kulichukua! Baharia akalihamishia karibu na ngazi.

Siku ya nne tulikuwa tunarudi, kaskazi iko nyuma yetu na inavuma vizuri. Tulikuwa tumeshakata zaidi ya nusu ya njia. Shemeji yangu mdogo alikwenda tezi, nyuma ya chombo, kuangalia mshipi wake wa kuvulia, akafungua kulabu ya mkanda wa usalama uliomshikiza na chombo ili aufikie. Wimbi likainua tezi, akaenda nalo. Nilichokisikia ni jaketi likijaa hewa, mlio kama wa tairi.

Nilirusha boya. Nilipoinua kichwa shemeji alikuwa kashakuwa mdogo kama kifuu cha nazi, na kila wimbi linamfunika. Chombo kinachokwenda na upepo hakisimami kwa kupiga kelele. Nahodha aligeuza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo, matanga yakaanza kupigapiga, baharia akayatua. Mashine hakuiwasha mpaka baharia alipohakikisha hakuna kamba majini, maana ikisokotwa na rafadha, lile panga la mashine, mmekwisha. Muda wote huo mimi nilishampoteza shemeji machoni. Kidole cha mpwa wangu hakikushuka. Mkono ulikuwa unatetemeka, machozi yanamtoka, lakini kidole kiko palepale, na nahodha alikifuata kidole kile.

Alikisimamisha chombo joshini, upande unaotoka upepo, kikasukumwa taratibu hadi alipo, rafadha imesimama. Kumpandisha ndiko kulikotuchosha. Mtu mzima aliyelowa ni mzito, ukingo uko juu, naye mikono haina tena nguvu. Walimfunga kamba ya kutwekea tanga kwenye pete ya jaketi wakamvuta kwa winchi. Mume wangu alikuwa ameshatangaza kwenye redio, na chombo kimoja kilichokuwa kikielekea Unguja kilijibu. Baadaye akakitaarifu kwamba tumempata. Shemeji alikuwa anakohoa, kwa hiyo tulipofika nchi kavu tulimpeleka hospitali moja kwa moja, kwani maji yaliyoingia kifuani yanaweza kumzidia mtu saa kadhaa baadaye. Alilala usiku mmoja, akatoka mzima, alhamdulillahi.

Nahodha na baharia nawapa nyota tano, na ningekuwa na zaidi ningetoa. Kampuni nyota mbili. Sababu nyengine ni hii: siku ya kurudisha chombo nilifungua kasha la fataki za kuombea msaada. Zilikuwa sita za mkono, nne tarehe zake zimepita tangu mwaka jana. Nilipouliza ofisini niliambiwa "hizo bado zinawaka." Nikamuuliza yule kijana kama yuko tayari kuiwasha mkononi mwake gizani, na chombo kinaingia maji. Hakunijibu.

Unapokodi, omba kufungua kasha hilo mwenyewe, na kila jaketi, kabla ya kulipa salio. Mimi niliahidiwa kutumiwa picha ya fataki mpya zikishanunuliwa. Ni wiki ya tano sasa, picha haijaja.