Kiitaliano onlaini: nimelipia mara mbili, hii ya pili ndo sijatoroka

Haya, nyie mnaonijia inboksi kila siku kuhusu hili darasa naandika hapa mara moja bas.

Mie nafanya kazi kwenye vila upande wa Casuarina, na Malindi mwaijua, huna Kiitaliano utabaki kwenye vyombo wenzio wakipokea wageni wa Kiitaliano. Kile cha bichi ninacho tangu utotoni, ciao, quanto costa, lakini mgeni akianza kulalamika maji hayatoki naganda kama nguzo.

Mara ya kwanza niliingia kwa kampuni moja, jina naliacha. Slaidi nzuri, pdf mpaka simu ikajaa. Tulikuwa kama thelathini, kamera zimezimwa zote, mwalimu anasoma, anauliza kuna swali, kimya, anaaga. Wiki sita sijaitwa jina hata siku moja! Stima ikapotea nikakosa vipindi vitatu, hakuna aliyeuliza kama nimezama baharini ama vipi, meseji pekee niliyopata ni ya kukumbushwa malipo.

Sasa huyu wa pili ni mama wa makamo, yuko kwao Bologna, na sisi ni sita tu. Siku ya kwanza hakufungua kitabu, alituuliza mmoja mmoja Kiitaliano wakitakia nini, akawa anaandika. Mwenzetu wa tuktuk akasema ya kupatana bei, mie nikasema mabomba. Kipindi kilichofuata nakuta mazoezi yangu ni il rubinetto perde, non esce l'acqua (bomba lavuja, maji hayatoki), yani kazi yangu yote iko pale.

Halafu ana kumbukumbu huyo mama, wallahi. Nilimtajia mara moja kuwa mwanangu ana homa. Wiki iliyofuata hata sijakaa sawa, come sta il bambino, mtoto hajambo? Nikamueleza, homa, hospitali, dawa, usiku hatukulala, nimefika katikati ndo nashtuka kumbe nazungumza Kiitaliano na sijatafsiri kitu kichwani. Makosa yalikuwa tele, akaniacha nimalize kwanza.

Na tulicheka sana. Mie nilitaka kusema nina miaka 34, anni, nikasahau kukaza ile n, nikajikuta nina thelathini na nne za kitu kingine kabisa, sitakiandika hapa, muulizeni anayekijua Kiitaliano. Nilitaka kufunga simu. Lakini wa tuktuk naye kila akitusemesha ni kaka mara dada, na kumbe kwao cacca ni mavi, maestra, yani mwalimu wetu, akavumilia weee mpaka siku moja akashindwa, machozi yanamtoka. Toka hapo hakuna aliyeogopa kukosea.

Kitu kimoja tulimshinda. Alitaka tumwite "tu", ile "wewe" yao ya marafiki. Mtu wa umri wa mamangu, wa kuamkiwa shikamoo, nimwambie "tu"? Tukabaki na "Lei", ile "wewe" ya heshima, akakubali, na heri yetu maana kwa wageni ndiyo nnayoitumia kutwa.

Ubaya upo. Anatumia Zoom ya bure, dakika 40 inakata, muingie upya, na bando lenyewe ndo hili letu. Stori zikikolea sarufi inalala, congiuntivo (ile sarufi yao ngumu ya vitenzi) mpaka leo naisikia kwa mbali, kwa hiyo kama wakimbizana na mtihani wa CILS, ule wa cheti cha Kiitaliano, tafuta pengine. Na mwisho wa Oktoba kwao walirudisha saa nyuma, tofauti yetu ikawa masaa mawili badala ya moja, asituambie, tukamngoja kuanzia saa moja mpaka saa mbili usiku na mie nimeacha wali jikoni. Alituma voisi ya kuomba radhi, kamtaja kila mtu kwa jina.

Bei ni nusu ya ile kampuni. Namba yake siweki hapa, nitawapa nikimuuliza kwanza, na mkiingia darasani tafadhali msimwite mtu kaka.