Vidole vilikataa, macho yakakubali: uzoefu wangu na mageti ya Dubai

Mimi ni fundi wa vigae, mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa tisa Dubai. Saruji imenila vidole mpaka alama zimefutika. Kampuni yangu ya kwanza ilitaka tuingie kazini kwa kidole, na kila alfajiri mashine inanikataa: nafuta kwenye shati, najaribu gumba, najaribu cha shahada, foleni nyuma inaguna. Mwezi mmoja nilikatwa siku tatu ambazo nilifanya kazi. Hilo bado linaniuma.

Sasa mageti ya Terminal 3, uwanja wa ndege wa Dubai, yanasoma uso na jicho. Niliporudi kutoka likizo juzi nilivua miwani, nikasimama, nikatazama mbele, geti likafunguka. Pasipoti ilibaki mfukoni. Nimeyapenda sana.

Kinachosomwa jichoni ni ule mduara wenye rangi unaoizunguka mboni. Nilidhani macho yetu meusi yatasumbua. Kumbe kamera hutumia mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na kwa mwanga huo hata jicho jeusi tititi huonyesha nyuzinyuzi zake. Nyuzi hizo hujisuka mtoto akiwa bado tumboni, na hata pacha wa kufanana kabisa ana zake. Jicho la kulia halilingani na la kushoto! Profesa John Daugman wa Cambridge ndiye aliyebuni hesabu ya kugeuza mchoro huo kuwa msimbo wa biti 2,048, yaani mfululizo wa sifuri na moja. Saruji haifiki huko.

Lakini neno la siri likivuja unabadilisha. Jicho utalibadilisha kwa lipi? Mwaka 2023 watu walipopanga foleni KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, wapigwe picha za macho wapate sarafu za kidijitali za Worldcoin, mdogo wangu alinipigia simu kutaka ushauri. Nilimwambia asubiri kwanza ajue picha itakaa wapi na nani ataishika. Agosti 2 serikali ya Kenya ikasimamisha usajili ule. Mpakani angalau najua anayenitazama ni nani, na anataka nini.

Natamani wakandarasi waweke kamera hizi kwenye mageti ya saiti, jicho lihifadhiwe kwa idhini ya mfanyakazi na lifutwe akiondoka. Waashi, wapaka rangi, kina mama wa usafi wanaoshinda na dawa za kusugulia: wote hao vidole vyao vimeisha kama vyangu, na siku zao wanazifanya.