TAHADHARI: Hayo "maranda ya uwanjani" yanayopitishwa na kirikuu

Wafugaji wa kuku hapa Mwanza, wa Buhongwa, Kishiri, Igoma, Buswelu mpaka Kisesa, msitume hela kwanza. Kuna wauzaji wanapita mitaani na kirikuu, wengine wanajinadi kwenye magrupu ya WhatsApp, wanauza magunia wanayoyaita "maranda ya uwanjani", eti ya kutandaza nje, ndani ya uzio, pale kuku wanaposhinda mchana. Bei iko chini ya ile ya karakana na mzigo unaletwa mlangoni, ila nusu ya hela inatakiwa itumwe kwa simu kabla gari halijaondoka. Gunia likifunguliwa, juu kuna maranda meupe ya paina, makavu, yananukia mbao. Hiyo ni shibiri moja tu. Mwaga gunia zima chini ndipo ujue umeuziwa nini.

Mara nyingi huko chini kuna maranda yaliyokwishalaliwa na kuku wa nyama, yakaanikwa juani na kufungwa upya. Vinyoya na vibonge vya kijivu huonekana kwa macho, lakini wajanja huyachekecha kwanza, kwa hiyo tumia pua. Chota viganja viwili kutoka chini kabisa, tia kwenye bakuli, mwagia maji ya uvuguvugu, funika dakika tano, funua, nusa. Maranda mapya yatanuka mbao iliyolowa. Yaliyotumika yatatoa amonia, ile harufu ya choo cha stendi inayochoma hadi machozi.

Ubaya wake uko kwenye mavi. Mavi yaliyokauka hubeba mayai ya koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, na yakiwa makavu yametulia tu. Yakipata unyevu, hewa na joto la nyuzi 25 hadi 30, ndani ya siku moja au mbili yamekomaa na yanaambukiza. Uwanja wa Mwanza wakati wa mvua unayapa yote matatu bure. Kuku akishayameza, wiki haiishi kabla hujaona vifaranga wamejikunyata, mbawa zimening'inia, kinyesi kina damu. Virusi vya Gumboro, ugonjwa unaoua kinga ya vifaranga, navyo hudumu miezi kadhaa kwenye matandazo, na jua la siku moja la kuanikia haliviwezi. Yaani unalipa ili uletewe maradhi ya banda la mtu mwingine.

Mchanganyiko mwingine ni wa mbao za dawa, zile za kuezekea zenye rangi ya kijani. Dawa inayotumika sana kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki. Kuku hudonoa kila anachokiparua, na sumu ya namna hii haiishii tumboni mwa kuku peke yake. Mayai nayo mnakula. Tandaza kidogo kwenye karatasi nyeupe juani uangalie ukijani. Usipouona bado usijiamini, maana kwenye vumbi rangi hufifia. Swali la maana ni moja: maranda haya yametoka karakana gani, na wanaranda mbao gani? Muuzaji akijibu "mchanganyiko", mwache aende. Vumbi la MDF (mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi) na plaiwudi nalo likataeni, lina gundi na ni laini mno kwa mapafu ya kuku. Pitisha pia sumaku, hata ile ya spika mbovu, ndani ya konzi chache. Misumari midogo na pini za sofa hutoboa firigisi.

Tukiacha uchafu, hata jina lenyewe ni la kitapeli. Hakuna maranda ya uwanjani. Maranda na pumba za mpunga ni vitu vya ndani, chini ya paa. Nje, pumba hupeperushwa na upepo wa ziwani zikiwa kavu, na mvua ya kwanza ikija zinaelea hadi kwa jirani. Maranda hunyonya maji yakashikamana, na vumbi la mbao hugeuka uji mweusi usiokauka wiki nzima. Ukungu ukishaota humo, vifaranga wanaanza kuhema midomo wazi, na hapo hakuna dawa ya kujivunia.

Nje kinachofaa ni mchanga mkubwa wa mto, unene wa sentimita 10 hadi 15. Kabla ya mchanga, ardhi iwe na mteremko, sentimita 2 kwa kila mita moja inatosha. Kwa kuwa wengi tumejenga vilimani, chimba mfereji wa sentimita 30 kwa 30 upande wa juu wa uzio ili maji ya mlima yapite pembeni. Mwenye ardhi ya luseni, yaani ya kichanga, ana nafuu, maji yanazama yenyewe. Mwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, lazima ainue uwanja kwanza kwa kifusi cha changarawe, vinginevyo mchanga utamezwa na tope kabla masika hayajaisha. Kokoto zilizopondwa kwa nyundo msizitandaze juu: zina ncha, zinachana nyayo, kidonda kinaingia bakteria na mguu unavimba. Kokoto mahali pake ni kwenye mfereji.

Sasa, hao hao wa maranda ukiwaambia unataka mchanga, wanao pia. Angalia mambo mawili. Kwanza ni matope. Jaza chupa ya plastiki ya lita moja na nusu mchanga hadi theluthi, ongeza maji hadi karibu ijae, tikisa dakika moja, iache saa moja imetulia. Mchanga utakaa chini na tope laini juu yake. Kama mchanga una kimo cha sentimita 10 na tope limezidi sentimita 1, huo utakuwa sakafu ya simenti mbichi mvua ikinyesha. Pili ni asili yake. Mchanga unaochotwa ufukweni una kinyesi cha ndege wa porini na ndoano za wavuvi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kuna na ule unaofagiliwa kwenye maanikio ya dagaa: kuku wataushangilia, watakula mchanga pamoja na vichwa vya dagaa hadi gole lizibe, na nzi watahamia kwako.

Kipimo nacho kina mchezo. "Tripu" si kipimo. Uzio wa mita 4 kwa 6, kwa unene wa sentimita 10, unahitaji mita za ujazo 2.4. Pima bodi la gari kwa futi kamba: likiwa na urefu wa mita 1.9, upana 1.3, na mchanga umefika kimo cha 0.3, hapo kuna mita za ujazo 0.74. Ni tripu tatu na kidogo. Anayekuambia mbili zinatosha atarudi kukuuzia ya tatu kwa bei ya shida.

Ile chokaa ya "kukausha uwanja" wanayotoa kama zawadi, idondoshee limao. Chokaa ya kilimo itatoa povu. Ikikaa kimya, huenda ni ya kupaka ukuta, na hiyo huunguza nyayo na macho.

Waliokwishatandaza: ondoeni kuku leo, kwangueni maranda yote pamoja na sentimita 5 za udongo wa juu. Yenye ukijani msiyachome, moshi na majivu vina aseniki, wala msiyatie kwenye bustani ya mchicha. Namba iliyopokea hela itumeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na picha ya pleti namba ya gari wekeni. Kuku akifa, mwiteni afisa mifugo wa kata, au mpelekeni maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa Mwanza siku hiyo hiyo, kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu. Msimgandishe kwenye friza, nyama ikishaganda vipimo vingi vinaharibika.