Uzoefu wangu na wakala wa kago Guangzhou–Dar: mapokezi safi, storeji ndiyo inayoniudhi

Nauza vyombo Kariakoo: sahani, mabakuli, vikombe, na siku hizi masinki ya kunawia mikono. Karibu vyote navitoa Chaozhou, mkoa wa Guangdong, kwenye viwanda vya vyombo vya udongo. Mzigo wangu haujazi kontena, kwa hiyo nalipa kwa CBM, yaani mita ya ujazo, na kuchangia kontena na watu nisiowajua. Wakala ninayemtumia ana ghala Guangzhou na godauni hapa Dar. Jina silitaji, maana sifa na lawama nitakazotoa zinazihusu kampuni nyingi za aina yake.

Wenzangu wakiniuliza habari zake wanaanza na bei ya CBM, halafu wanauliza mzigo unachukua muda gani. Kwa mwenye kuleta mikoba hayo yanatosha. Sisi wa vitu vya kuvunjika tuna swali jingine la kuuliza kabla ya hayo: wakipokea mzigo, wanaandika nini?

Hesabu mikono inayoushika mzigo mmoja. Kuna lori linalouleta kutoka Chaozhou, zaidi ya kilomita 400. Kuna vijana wa ghala la Guangzhou, wapakiaji wa kontena, meli, makuli wa bandarini, bandari kavu, fuso ya kuleta godauni, na mwenye guta anayemalizia mpaka mlangoni kwangu. Sahani ikivunjika, kila mmoja atakuapia kwamba alikabidhiwa ikiwa imevunjika tayari. Huna wa kumshika usipokuwa na karatasi inayoonyesha mzigo ulikuwa na hali gani ulipotoka mkono huu kwenda ule.

Hapo ndipo hawa jamaa wanapostahili sifa. Dada anayepokea mizigo Guangzhou nimemwona kwa macho yangu. Katoni ya vyombo anaiinua upande mmoja, anaitikisa kidogo, anatega sikio. Ikilia kama imejaa changarawe anaitenga, anakata utepe, anapiga picha ndani, kisha anaifunga upya kwa utepe wa njano wenye jina la ghala lao, ili baadaye mtu asiseme imefunguliwa njiani. Baada ya hapo risiti inaingia WeChat: idadi ya katoni, uzito wa mizani, vipimo, mark yangu (alama ya kutambulisha mzigo wangu), na chini kabisa nafasi ya maoni. Kwa kweli ninachokilipia pale ni hayo maoni. Safari moja yalisema: katoni 2 pembe zimebonyea, 1 inalia, imefunguliwa, mabakuli 5 yamevunjika. Nikayatuma kiwandani saa ile ile, salio lao likiwa bado mikononi mwangu. Kiwanda kiliruka kidogo, kikadai mzigo ulitoka mzima getini kwao, lakini mwisho kilileta mabakuli mengine kabla kontena halijafungwa. Wakala niliyekuwa naye kabla ya hawa risiti zake zote ziliandikwa neno moja tu, "zimepokelewa". Na huyo ndiye aliyekuwa bei nafuu.

Wana ubishi wao pia. Masinki walikataa kuyapokea yakiwa kwenye katoni peke yake, wakataka yafungwe fremu za mbao, kwa gharama yangu. Nilinung'unika, maana fremu inaongeza CBM, na pesa ya CBM inaingia kwao! Lakini mbao walizotumia zilikuwa na mhuri wa ISPM 15, ule wenye mchoro wa suke la ngano na herufi HT, yaani zimepitishwa kwenye joto kuua wadudu. Fundi wa mtaani anayekupigia fremu kwa mbao za kuokoteza hakupi mhuri huo, na mbao zisizo na mhuri zinaweza kuleta kesi ya karantini bandarini. Tangu tuanze fremu sinki halijanifikia na ufa.

Siku ya kupakia wanatuma picha. Mara ya kwanza ilianza na picha nyeusi tii. Nikadhani simu yao mbovu. Kumbe mtu anaingia ndani ya kontena tupu, wenzake wanafunga milango, anatazama kama kuna tundu lolote linalopitisha mwanga. Likipitisha mwanga litapitisha na maji. Zinafuata picha za sakafu kavu, za kila safu jinsi ilivyopangwa, na mwisho lakiri mlangoni, namba yake ikisomeka. Juu ukutani wananing'iniza mifuko ya kunyonya unyevu. Wauza vyombo wengi hawaoni maana yake, wanasema sahani haiozi. Sahani haiozi, ila katoni inalegea. Kontena likifungwa na hewa ya joto na unyevu ya kusini mwa China, ile hewa ikipoa usiku baharini hugeuka matone juu ya dari na kudondokea mzigo. Katoni ya chini ikishalegea inabonyea, za juu yake zinainama, na meli ikiyumba zinamalizia zenyewe. Vyombo vingi vinavyosemwa vimevunjwa na makuli vilianza kuvunjika namna hiyo.

Hata ile mizani yao ina sababu. Tangu tarehe 1 Julai 2016, chini ya mkataba wa SOLAS wa usalama wa maisha baharini, kontena haliruhusiwi kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa. Wakala anayekadiria uzito kwa macho anacheza na mizigo ya watu wote waliomo.

Kuhusu safari ya baharini sina la kusema. Ni mwezi na ushee, wakati mwingine zaidi, na hakuna wakala anayeendesha meli.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui liko kwenye hati ya shehena, yaani bill of lading. Hati ya mwenye meli haina jina langu. Ina jina la wakala kama msafirishaji na ofisi yake ya Dar kama mpokeaji. Mwenye meli hajaona ndani ya kontena. Anaandika tu kwamba ameambiwa limebeba vitu fulani. Likifika na lakiri yake nzima, kumdai bakuli ni kujichosha. Kwa hiyo mtu wa kumdai ni wakala peke yake, na silaha yangu ni ile risiti ya ghala yenye idadi ya katoni zangu. Idadi hiyo ina uzito hata kisheria. Mkataba wa Hamburg wa 1978 wa kubeba mizigo kwa bahari, ambao Tanzania imeuridhia, unaweka kikomo cha fidia kuwa SDR 835 kwa kifurushi au SDR 2.5 kwa kilo, kipi kikubwa kati ya hivyo. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Vifurushi vinahesabiwa kama vilivyoorodheshwa kwenye hati. Visipoorodheshwa, vyote vilivyomo kontenani vinahesabiwa kifurushi kimoja. China haimo kwenye mkataba huo, kwa hiyo soma hati yako imeandika itafuata sheria ya wapi. Mimi siendi mahakamani kwa ajili ya mabakuli. Nilichokichukua humo ni muda wa kulalamika: uharibifu unaoonekana utoe taarifa kwa maandishi kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, na uliojificha ndani ya siku 15.

Ndiyo maana sipendi kupokea mzigo jioni. Godauni la Dar wana tabia ya kuleta magharibi, fuso inanguruma, foleni ya wengine inasubiri. "Mama, saini tu hapa, ukikuta tatizo utatupigia." Nikamwambia kijana wao, nitasaini, ila pembeni naandika: katoni hazijafunguliwa, 4 zimelowa chini. Alikunja uso, akampigia bosi wake, bosi akasema mwache aandike. Siku hizi wakiniona nashika kalamu hawasemi kitu. Kwa wateja wengine naona bado wanawaharakisha, na hilo ni doa kwao, maana ghala la Guangzhou linafundisha watu kuandika halafu godauni la Dar linawafundisha kusaini.

Sasa ukaguzi wa hapa nchini. Watu huchanganya sana. Wanaona kontena limefunguliwa mbele ya maofisa, wanadhani kuna aliyeangalia mali yao kama iko salama. TRA wanataka kujua kilichomo ni nini, kiasi gani na thamani yake, vilingane na kadhia ya forodha, yaani tamko la mzigo lililowasilishwa kwao. TBS wanataka kujua kama bidhaa inakidhi viwango. Wote wanafanya kazi yao, na kazi yao haihusu sahani ngapi zimepasuka. Kontena likichaguliwa kukaguliwa kwa mkono badala ya skana, mzigo unashushwa, unafunguliwa, unarudishwa na vibarua wa bandari kavu ambao hawakuona ulivyopangwa Guangzhou. Lakiri ile uliyotumiwa picha imekatwa, imewekwa nyingine. Wakala wangu namba ya lakiri mpya anakupa ukiiomba. Asiyejua kuomba hapewi.

Na hapo ndipo nilipopata hasara. Mabakuli yangu yalifika katoni za chini zimekuwa bapa. Jibu la kwanza la godauni lilikuwa lile lile la siku zote, kwamba kiwanda kimefunga vibaya. Nikawatumia risiti yao wenyewe iliyosema hali nzuri, na picha yao wenyewe ya kupakia, inayoonyesha juu ya safu yangu hakuna kitu. Kisha picha niliyopiga mimi wakati wa kushusha godauni: juu ya katoni zangu limekaa jenereta la mtu mwingine. Lilipandishwa wakati wa kurudisha mzigo baada ya ukaguzi. Walinyamaza kidogo, halafu wakanipigia. Fomu yao inasema fidia haitazidi nauli ya mzigo husika, na wangeweza kung'ang'ania hapo, lakini walikubali bei ya ankara ya kiwanda. Siyo bei ya dukani, na siyo taslimu. Waliikata kwenye nauli ya mzigo uliofuata, ujanja wa kunifanya nirudi. Na nikarudi.

Storeji nayo sijawasamehe. Kontena moja lilizuiwa kwa sababu mmoja wetu alificha krimu za kujichubua katikati ya maboksi ya viatu, hazimo kwenye orodha. Wakati maelezo yanaandikwa na kusubiriwa, gharama za kuhifadhi kontena zinapanda kila siku, na sahani zangu zilizotajwa vizuri kabisa zimo humo humo. Bili ilipokuja wakaigawa kwa CBM, kila mtu sehemu yake. Nikauliza, mwenye krimu je? Wakanionyesha kifungu: gharama za ucheleweshaji zitagawanywa kwa wateja wote wa kontena. Wakala ndiye aliyepokea maboksi yale, ndiye mwenye mizani na kisu cha kukata utepe. Kama katoni ya mabakuli anaitikisa, kwa nini boksi la viatu lenye uzito usiolingana na viatu lilimpita? Baada ya kelele nyingi walinipunguzia. Kifungu kipo mpaka leo.

Bima, kwa ufupi. Wanakuuliza kama unataka, kwa asilimia ya thamani ya mzigo. Omba karatasi. Wakala wengi wanachokiita bima ni ahadi yao wenyewe, hakuna kampuni ya bima nyuma yake. Huyu wangu nilipomkazia alinielekeza kwa kampuni iliyosajiliwa na TIRA, mamlaka ya kusimamia bima. Nikachukua masharti ya aina A, yale mapana, kwa sababu aina C inahusu majanga makubwa kama meli kuzama au kuungua, na mabakuli yaliyovunjika kwa kutupwatupwa hayamo. Hata A haitakulipa ikithibitika ulifunga mzigo vibaya, kwa hiyo zile fremu zinanilinda mara mbili. Na asiyekata bima kwa kuwa mzigo wake hauvunjiki akumbuke meli ya Maersk Honam iliyoungua Bahari ya Arabuni mwaka 2018. Wenye mizigo iliyosalimika walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 54 ya thamani ya mzigo kabla ya kukabidhiwa, kuchangia gharama za uokoaji na hasara ya pamoja, ile inayogawanywa kwa wote wenye mali melini. Mwenye bima aliiachia kampuni yake ishughulike.

Nawapa nyota tatu na nusu. Ghala la Guangzhou peke yake ningelipa tano. Godauni la Dar na kile kifungu cha storeji ndivyo vinavyowashusha. Kama unaleta vyombo, vioo, vigae au masinki, na una uvumilivu wa kusoma risiti na kuhifadhi picha, bei yao inarudi. Kama unaleta nguo au mashuka, unawalipa kwa umakini usiouhitaji. Wapo wa bei ya chini, ilimradi uwaulize kwanza nani analipa storeji mteja mwingine akificha mzigo.